Hotel Portofino, The Halcyon au The Duchess of Duke Street: uanze na ipi?

Watu wanaopenda tamthilia za Waingereza za enzi zile, za kofia na magauni marefu na mtumishi anayesimama pembeni ya meza kama mlingoti, wakimaliza Downton Abbey huwa wanabaki wanazungukazunguka tu hawajui waende wapi. Swali lao siku zote ni hilo hilo, kuna nyingine kama ile? Na majibu wanayopewa mara nyingi yanaangukia kwenye hizi tatu ambazo zote stori yake iko hotelini. Shida inaanza hapo, maana ukiuliza watu watatu waliozitazama utapata majibu matatu yanayogongana: mmoja atakwambia Portofino ni tamu balaa, mwingine atasema alisinzia episodi ya pili, wa tatu atakwambia achana na hizo mpya zote katafute ile ya miaka ya 70 ndo utajua tamthilia ni nini.

Mi naona wote wana hoja, ila kila mmoja alikuwa anatafuta kitu chake. Anayetaka mandhari hawezi kuelewana na anayetaka vita, na anayetaka kuona jinsi hoteli inavyoendeshwa hawezi kuelewana na hao wawili.

Vigezo kwanza

Nazipima kwa vitu sita, na vyote sita nitavipitisha kwa kila moja ili isionekane kuna niliyoibeba. Kasi ya stori, kwa sababu hilo ndo lalamiko namba moja la watazamaji. Hoteli yenyewe, yaani kazi ya hoteli inaonekana au hoteli ni ukuta wa kupigia picha tu. Wahusika. Historia iliyopo nyuma ya stori. Picha, sauti na lugha. Mwisho ni urefu na jinsi inavyoisha, maana hakuna kitu kinaudhi kama kumaliza bando kwenye sirizi halafu ikatike njiani.

Zenyewe kwa kifupi

Hotel Portofino ilitoka 2022 na ina misimu mitatu, kila msimu episodi sita. Inaanza mwaka 1926 pwani ya Italia, pale Portofino, ambapo mama mmoja wa Kiingereza anaitwa Bella Ainsworth amefungua hoteli ya wageni wa hadhi. Hela ni za baba yake. Mume wake Cecil ni mtoto wa ukoo mkubwa, ana jina zito na mfuko mwepesi, na kazi yake kubwa ni kutumia za mkewe.

The Halcyon ilionyeshwa na ITV kuanzia Januari 2017, episodi nane tu. Ni London mwaka 1940, hoteli ya kifahari ambayo juu watu wanacheza dansi na chini watu wanahangaika, na nje Wajerumani wanakaribia kuanza kumwaga mabomu.

The Duchess of Duke Street ni ya BBC, 1976 hadi 1977, misimu miwili, jumla episodi 31. Louisa Leyton ni binti wa familia ya kawaida ambaye anasema wazi anataka kuwa mpishi bora Uingereza nzima, na safari yake inampeleka mpaka kumiliki hoteli inaitwa Bentinck. Huyu si wa kubuni moja kwa moja, ametokana na mtu wa kweli, Rosa Lewis, mpishi aliyeanza kama mtumishi wa ndani akaja kuichukua Cavendish Hotel mtaa wa Jermyn mwaka 1902, akafariki 1952.

Kuna kitu kizuri sioni watu wakikisema. Ukizipanga kwa miaka ya stori zinafuatana kabisa, Duchess inaanza 1900 inaishia 1925, Portofino inaanza 1926 inafika 1929, Halcyon inapokea 1940. Mwenye subira anaweza kuzitazama kwa mpangilio huo akaona ile dunia ya mabwana na watumishi inavyolika kidogo kidogo.

Kasi

Portofino inaenda polepole, hakuna haja ya kupambapamba. Msimu wa kwanza una wageni wengi wanaoshuka kwa wakati mmoja, kuna bibi mkali Lady Latchmere, kuna mama na binti yake Rose ambaye wazazi wanataka aolewe na Lucian mtoto wa Bella, kuna mcheza tenisi na mkewe, kuna Mmarekani anayejiita mfanyabiashara wa michoro, na kila mmoja anapewa kauzi kake ka kuvuta, hivyo unaweza kufika episodi ya tatu bado unauliza hivi huyu nani na anamtaka nani. Waliopenda wanasema hapo ndo utamu, unakaa na watu kama uko likizo nao. Waliochoka wanasema nyuzi ni nyingi na hakuna hata moja inayokazwa. Mi niko katikati, naona episodi mbili za mwanzo zinahitaji uvumilivu, kuanzia pale mchoro unaodhaniwa ni wa mchoraji Rubens unapoanza kuleta maneno ndani ya nyumba mambo yanachangamka.

Halcyon ni kinyume chake. Inafungua na bomu, halafu inakurudisha nyuma miezi kadhaa uanze kujua hao watu ni akina nani, kwa hiyo muda wote unaotazama watu wanakunywa na kucheza wewe unajua kinachokuja. Kabla episodi ya kwanza haijaisha mwenye hoteli keshakufa. Wasioipenda wanasema inakimbilia matukio na baadhi ya mambo unayaona yanakuja kutoka mbali, na kweli kuna mapenzi ya pembetatu ambayo ukiona tu sura za wale vijana wawili na yule dada unajua yanaelekea wapi. Lakini haiboi.

Duchess ina kasi ya aina nyingine kabisa ambayo mtu aliyezoea sirizi za siku hizi anaweza asiielewe mara moja. Karibu kila episodi ina stori yake kamili, mgeni anaingia hotelini na tatizo lake, linatokea la kutokea, anaondoka, na chini yake maisha ya Louisa yanasogea. Mazungumzo ni marefu, watu wanakaa chumba kimoja wanaongea dakika kumi. Wanaoipenda wanaipenda kwa hilo hilo, kwamba unaweza kutazama moja leo nyingine wiki ijayo na hupotezi kitu. Anayetaka kila episodi imuache ananing'inia hii itamshinda.

Hoteli yenyewe

Hapa ndo mi nina maneno mengi, kwa sababu ukisema tamthilia ya hoteli nategemea nione hoteli.

Kwa hili Duchess iko mbali sana. Chukua episodi ya mwanzo tu: Louisa anaingia kazini kwenye nyumba ya bwana mkubwa kama msaidizi jikoni chini ya mpishi Mfaransa ambaye hataki kabisa kusikia habari ya mwanamke kwenye jiko lake, halafu inatokea siku mpishi hayupo na anayekuja kula ni mtoto wa Malkia Victoria mwenyewe. Binti anakamata jiko. Unaona mikono, unaona mvuke, unaona anavyowapelekesha waliokuwa juu yake jana, na unaelewa bila kuambiwa kwamba kwa mwanamke wa tabaka lake sufuria ndo mlango pekee uliokuwa wazi. Baadaye akishapata hoteli yake kuna kipindi madeni yanamkaba mpaka anapika kutwa kucha karibu na kuanguka, na hakuna aliyepambwa hapo, uchovu ni uchovu. Afu kuna wafanyakazi wake: mzee Merriman mhudumu wa mezani ambaye analalamika kila siku na haondoki, Starr wa mlangoni na mbwa wake Fred, Mary msichana wa Wales anayeanza kama mtumishi na kupanda. Aliyewahi kufanya kazi mapokezi au jikoni kwenye hoteli yoyote, iwe Zanzibar au Mombasa, atawatambua hawa watu mara moja hata kama nguo ni za mwaka 1905.

Rosa Lewis wa kweli alikuwa anasifika kwa mtindo wake wa bili, mgeni aliyempenda na hana hela analala na kunywa, halafu gharama zinaenda kutua kwenye bili ya tajiri wa chumba kingine. Ukishajua hilo unamwelewa Louisa kwa nini ni mkali na mpole ndani ya dakika moja.

Halcyon nayo inajitahidi, hoteli inafanya kazi kweli kweli: kaunta ya mapokezi yuko Emma binti wa meneja, baa yuko Adil, jukwaani bendi, jikoni fujo, na meneja Richard Garland anapita katikati ya vyote hivyo na tabasamu la kazini huku ana siri za wageni kichwani ambazo zingeweza kumfukuzisha au kumtajirisha. Ugomvi wake na Lady Hamilton, mjane wa mwenye hoteli, ni ugomvi halisi wa bosi mpya na meneja wa zamani: mama anajua kabisa huyu bwana alikuwa anamfichia mumewe hawara ndani ya hoteli hiyo hiyo, anataka kumtoa, lakini bila yeye hoteli haiendi. Mi hapo naona ndo moyo wa tamthilia kuliko hata vita.

Kuna watazamaji wanauliza inakuwaje vita imepamba moto na watu wanakula vizuri hivyo. Jibu ni kwamba mgao wa chakula ulianza Januari 1940 kwa siagi, sukari na nyama ya nguruwe, lakini ukila hotelini au mgahawani hukukatwa kwenye mgao wako, na sheria ya kuweka bei ya juu ya mlo kuwa shilingi tano za kule ilikuja 1942. Kwa hiyo mwenye hela alikula. Tamthilia haikukosea hapo.

Portofino, na hili wanaoipenda hawapendi kusikia, hoteli kwa kiasi kikubwa ni mandhari. Bella anahangaika na wageni, Betty mpishi wa Kiingereza anapambana na jiko la ugenini, yaya Constance anafika na siri yake, ila kazi yenyewe inaonekana kwa juu juu. Kinachoonekana vizuri sana ni upande wa biashara ambao hizo nyingine mbili haziugusi hivyo: bwana Danioni, kiongozi wa pale mjini, anakuja hotelini na adabu zote, anasifia maua, anasifia chai, na kila neno lake linadai kitu. Anamshika Bella kwa barua ambayo hakutakiwa kuwa nayo. Hakuna mtu huku kwetu anayehitaji kuelezewa huyo mzee anataka nini akianza kusema kibali kina matatizo madogo madogo. Kila akitokea mi nakaa vizuri kwenye kiti, ni adui aliyetulia, hapigi kelele.

Wahusika

Louisa Trotter, jina lake baada ya ndoa, ni steringi wa kubeba episodi 31 peke yake na Gemma Jones anambeba kweli. Huyo mama wengi mnamjua bila kujua, ndo nesi wa shule kwenye Harry Potter na mama yake Bridget Jones. Watu wanagawanyika juu ya Louisa, kuna wanaosema sauti yake kali na lafudhi yake ya London ya mtaani inachosha masikio, kuna wanaosema bila hiyo sauti hakuna tamthilia. Mi nasema msikilize episodi tatu kwanza. Mapenzi yake na Charles Tyrrell si ya kupendeza pendeza, kuna mahali unakasirika naye sana hasa kwenye habari ya mtoto, na sijaona tamthilia nyingi za sasa zenye ujasiri wa kuacha steringi achukize hivyo.

Portofino ina kundi, si mtu mmoja. Natascha McElhone kama Bella ametulia, wengine wanasema ametulia kupita kiasi. Cecil ni mtu wa kutamani umzabe kofi na nadhani ndo lengo. Lady Latchmere wa Anna Chancellor anaanza kama kichekesho cha bibi mwenye kiburi halafu anageuka kuwa mtu, na kwa maoni yangu ndo mhusika aliyeandikwa vizuri kuliko wote. Vijana ndo dhaifu kidogo, Lucian amerudi vitani na makovu mwilini na moyoni, stori ya maana, lakini mapenzi yake yanazunguka muda mrefu. Cha kuchekesha, kuna mtoto anaitwa Lottie humu na kuna Lottie kwenye Duchess pia.

Halcyon inagawana: Garland na Lady Hamilton kwa watu wazima, Emma na watoto wawili wa kiume wa Lady Hamilton na mwandishi wa habari Mmarekani kwa vijana. Olivia Williams kama Lady Hamilton anaiba kila sehemu anayoingia. Wengi siku hizi wanairudia kwa sababu ya sura zilizokuja kuwa maarufu baadaye, Sope Dirisu wa Gangs of London ndo Sonny kiongozi wa bendi, na Ewan Mitchell, yule prinsi wa jicho moja wa House of the Dragon, yuko humo kama mmoja wa vijana wa kazi.

Historia

Kila moja ina kitu kikubwa nyuma yake. Watazamaji hubishana kama kimetumika vizuri au kimewekwa kama mapambo.

Portofino ina ufashisti wa Mussolini. Mwaka 1926 si mwaka wa kawaida Italia: miaka miwili nyuma mbunge Matteotti, mpinzani wa Mussolini, alikuwa ameuawa, Aprili mwanamke wa Kiayalandi Violet Gibson alimpiga Mussolini risasi ikamchuna pua, na Novemba vyama vya upinzani vikapigwa marufuku. Hivyo wale Waingereza wanaoogelea na kunywa mvinyo wanafanya hivyo kwenye nchi inayofungwa mlango mmoja mmoja. Wakosoaji wanasema tamthilia inaligusa hilo kwa ncha ya kidole. Kuna ukweli, lakini uzi wa Anish, daktari Mhindi rafiki wa Lucian, anayejikuta karibu na vijana wanaoupinga ufashisti huku yeye mwenyewe ni raia wa koloni la hao hao wenyeji wake, huo uzi una uzito. Natamani wangeupa nafasi zaidi. Msimu wa tatu unaruka mpaka 1929 na kuanguka kwa soko la hisa la New York, na matajiri ndo wanaanza kutoka jasho.

Halcyon historia ndo injini. Mashambulizi ya mabomu London yalianza tarehe 7 Septemba 1940, na kama unadhani wameongeza chumvi kuhusu matajiri kulala vizuri wakati wengine wanakufa, wiki moja baadaye, tarehe 14, wakazi wa mitaa maskini ya mashariki ya London wakiongozwa na diwani Phil Piratin waliingia Hoteli ya Savoy wakadai kukaa kwenye handaki lake, maana walikokuwa wao mahandaki hayakutosha. Na bendi kupiga muziki huku mabomu yanadondoka si ubunifu pia, Machi 1941 bomu liliingia ukumbi wa Café de Paris dansi likiwa linaendelea, kiongozi wa bendi Ken Johnson, kijana mweusi kutoka Guyana, akafa palepale jukwaani pamoja na watu zaidi ya thelathini. Ukijua hilo kila Sonny anapopanda jukwaani unamwangalia tofauti. Kuna pia uzi wa Toby Hamilton na Adil, uhusiano ambao kwa sheria ya wakati ule ulikuwa jinai Uingereza, na jasusi anautumia kumbana Adil atoe siri za kazini kwa Toby. Watazamaji wengi wanautaja huo kama uzi wenye nguvu kuliko mapenzi ya steringi, na mi nakubaliana nao.

Duchess inapita kwenye historia taratibu kwa sababu ina miaka 25 ya kutembea. Malkia Victoria anafariki Januari 1901, yule mwanawe aliyekuja kula anakuwa mfalme, na maisha ya Louisa yanapinduka kwa sababu hiyo. Unakuja Vita vya Kwanza, hoteli inabadilika, sura za wageni zinapungua. Hakuna kelele wala mabomu ya gharama, utajua vita imefika kwa viti vilivyobaki vitupu.

Picha, sauti na lugha

Portofino ni nzuri kuangalia, hapo hata maadui zake wanakubali. Bahari, bustani, nguo za kitani, mwanga. Sehemu kubwa ilipigwa Kroatia na si Italia, na kuna waliokasirika walipojua, mi sioni kosa, bahari ni bahari. Halcyon inang'aa pia lakini ni ya ndani ndani, vioo, dhahabu, moshi wa sigara, na muziki wake ni sababu tosha kwa mtu anayependa jazi, Jamie Cullum alihusika na anatokea mwenyewe.

Duchess ndo inayowakimbiza watu. Ilipigwa studio kwa kanda za video za wakati ule, picha ni ya mraba, mwanga mkali, wakitoka nje picha inabadilika ghafla kwa sababu nje walitumia filamu. Mtu mwenye televisheni kubwa atashtuka. Jicho linazoea, ila si la kila mtu.

Lugha, kama unategemea maandishi ya chini usijitese, yawashe kwa zote. Duchess ni ngumu zaidi kwa sababu ya lafudhi ya Louisa na ya mama yake, anayechezwa na June Brown wa EastEnders. Portofino ndo rahisi kufuatilia, watu wanaongea taratibu na Kitaliano kinatafsiriwa.

Urefu na inavyoisha

Halcyon inaisha kwa siku mbili tatu ukitaka, na hapo ndo maumivu yake: ITV haikuirudisha, ikaishia msimu mmoja, na mashabiki walilalamika sana. Msimu wenyewe unafunga tukio lake kubwa lakini kuna nyuzi zimebaki wazi na hazitafungwa. Mwenye roho ndogo kwenye mambo hayo ajue mapema. Portofino episodi 18, si mzigo, na anayetoka kwenye tamthilia za Kituruki za mamia ya episodi ataona kama tangazo la biashara. Duchess ndo ndefu na ndo yenye mwisho uliokamilika zaidi, unamwona mtu kutoka usichana mpaka utu uzima.

Zinawafaa akina nani

Portofino inamfaa anayetazama baada ya kazi akili imechoka, anayependa familia, mavazi, siri ndogo ndogo na adui mwenye adabu. Inafaa pia kutazama na wazazi, ingawa kuna sehemu chache za chumbani utajifanya unatafuta rimoti. Halcyon inamfaa anayetaka presha, vita, muziki, na meneja anayecheza karata na kila mtu. Duchess inamfaa mpenda maigizo ya mazungumzo, mwenye subira, na hasa mtu anayejua kazi ya huduma, maana ndo pekee inayoheshimu jasho la jikoni kiasi hicho.

Kutegemea na hali yako

Kama umetoka Downton Abbey na ulipenda zaidi ile ya mabwana juu watumishi chini, anza na Halcyon, mgawanyo ni ule ule. Kama Downton uliipenda kwa nyumba, bustani na harusi, nenda Portofino, na usiihukumu kabla ya episodi ya tatu.

Kama ulikuwa unashabikia wapishi wa Downton kuliko mabwana zao, Duchess moja kwa moja wala usizunguke.

Kama una wikiendi moja tu, Halcyon. Kama umelazwa, umejifungua, au una mwezi wa mvua ndani na unataka kitu cha kukaa nacho muda mrefu, Duchess, moja kila usiku.

Kama mnatazama wawili na mwenzako ni wa kusinzia, Halcyon kwanza, akishanogewa ndo umpeleke Portofino. Kama wewe ni wa kukasirika stori ikikatwa, Halcyon iache mwisho au iache kabisa, anza na Portofino, na ukiona picha za zamani hazikusumbui umalizie na Duchess.

Kama unachotaka ni siasa na historia, Halcyon kwa London ya mabomu, Portofino kwa Italia ya Mussolini ukikubali kwamba utapewa kwa kijiko kidogo. Na kama picha ya zamani inakutoa kabisa kwenye mudi, yaani ukiona tu kanda ya mwaka 1976 unazima, basi Duchess usiilazimishe hata kama kila mtu anakusifia.